Landrova Yenye Mapazia

Bi Asya, mkaza mjomba wangu, alifariki siku ya tisa ya Ramadhani, na siku ya tatu, baada ya hitma, wanawake wakanituma nikafungue kabati lake kwa kuwa mimi ndiye nijuaye ufunguo unakaa wapi. Ulikuwa pale pale, ndani ya kopo la hiliki. Nikatoa kanga zake, nikatoa buibui la zamani la kufunga kwa ukaya ambalo siku hizi halivaliwi tena, na chini kabisa, ndani ya leso iliyofungwa fundo, nikakuta kikopo chake cha shaba cha wanja na kijiti chake. Nikakifungua. Kilikuwa kikavu, na kile kidogo kilichobakia kimegandia pembeni kama masizi ya sufuria. Nikakaa kitandani nikalia, na wenzangu wakaniacha nilie wakijua ni msiba. Kweli ulikuwa msiba, lakini nilikuwa naulilia pia mwaka mmoja wa zamani, nilipokuwa na miaka ishirini, mwaka ambao mjomba wangu Haidari alipoteza macho yake huku mimi na Bi Asya tumekaa tunatazama. Kilichotuuma sisi wawili si kupofuka kwake tu, bali jambo tulilolijua baadaye tukamficha. Sasa mwenzangu kaondoka, kaniachia siri peke yangu, na mimi si mtu wa kuweka siri, waulizeni jirani zangu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza skuli, nasubiri kazi ambayo kila wiki niliambiwa inakuja wiki ijayo. Nilikaa nao Mkunazini, ghorofa ya pili, katika chumba chenye madirisha mawili: moja likitazama ukuta wa jirani na jingine likitazama ukuta wa jirani mwengine. Mjomba alikuwa fundi wa viti vya magari huko Mlandege. Akishona viti, akishona turubai za malori, na sifa yake ilikuwa mshono ulionyooka hata ukipimwa kwa rula. Ndiyo maana mimi niligundua mapema, ingawa sikujua ninagundua nini. Alianza kuniita nimtungie uzi kwenye sindano. Kisha akaanza kugonga bega kwenye mlango wetu mwenyewe, mlango aliopita miaka ishirini na tano. Daktari wa macho akamwambia kwamba presha imepanda ndani ya macho, inaua mshipa taratibu, inaanza kula pembeni na kuingia katikati. Kilichokufa hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, asubuhi, mchana na usiku, kila siku ya maisha yake bila kuruka. Mjomba alisikiliza, akashukuru, akamuuliza daktari hali ya watoto wake, akatoka. Tulipofika Darajani alisimama akatazama watu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nna miaka hamsini na mbili, na Makunduchi nimekwenda mara mbili. Zote mbili kuzika."

Ndipo akaitengeneza ile landrova. Ilikuwa gari kuukuu ya ofisi moja ya serikali, aliyoipata kwenye mnada akiwa na nia ya kuitoa vyuma, na miaka miwili ilikuwa imekaa nyuma ya kibanda chake imelaliwa na kuku. Sasa akaing'oa viti vya nyuma. Akaunda benchi mbili za mbao zenye vifuniko: ndani unaweka sufuria na mchele, juu unatandika godoro la sponji alilolishona yeye, na ukiziunganisha kwa ubao wa katikati unapata kitanda cha watu wawili. Ubavuni akafunga turubai linalokunjuka likawa ukumbi wa nje, na huko ndiko nitakakolala mimi kwenye kitanda cha kamba. Bi Asya naye akasema haingii kwenye gari isiyo na stara, akashona mapazia ya maua mekundu kwa kila dirisha. Basi tukawa kichekesho cha Mlandege. Tukipita, watu wanauliza, "Harusi ya nani leo?" Mjomba anajibu, "Yangu. Nnamuoa huyu huyu tena." Bi Asya anaficha uso, lakini anacheka.

Safari zilikuwa kila Jumamosi, tunarudi Jumapili kabla ya magharibi. Mjomba alitaka kuiona Unguja nzima, ufukwe kwa ufukwe, na alitaka kulala nje, aamke aone jua linavyotoka. Jambo hilo la kulala nje ndilo lililotushinda. Hakuna mtu shamba anayekuacha ulale garini. Safari ya kwanza tulikwenda Makunduchi, tukapiga hodi kwa sheha wa kijiji kama inavyopasa, tukajieleza, tukaegesha gari penye minazi karibu na pwani. Sijamaliza hata kuwasha jiko akaja bibi mmoja mfupi, kilemba cha kanga kichwani, akasimama mbele ya turubai na kututazama kama tunaotia aibu kijiji.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba. Mmefukuzwa wapi?"

Mjomba akamwambia hatukufukuzwa, tunatembea tu, tuna kitanda chetu na kila kitu. Bibi akachungulia ndani, akashika godoro, akalibonyeza. "Godoro zuri," akasema. "Leteni nyumbani mlilalie. Mie nina nyumba, nyinyi mlale garini? Watasema nini watu, Makunduchi hakuna watu?" Tukabembeleza, akakataa. Tukakunja turubai, tukabeba godoro letu wenyewe kichwani, tukalala ukumbini kwake, na asubuhi jua lilitoka sisi tunakula muhogo wa nazi na pweza ndani ya kuta nne. Ikawa vivyo hivyo Jambiani, na Matemwe vile vile. Bi Asya alikuwa akifurahi, kwa kuwa hakuwa na hamu yoyote ya mbu. Mjomba alikuwa akishukuru kwa adabu zote, kisha garini ananung'unika: "Wallahi watu wema hawa watanimaliza. Jua lenyewe lini ntaliona?" Nilikuwa nacheka. Sikuwa na akili ya kujua kwamba ananung'unika kweli.

Kisha kikatokea kisa cha Bububu. Tulikuwa tunarudi Jumapili mchana, mjomba anaendesha, barabara nyeupe kwa jua, na gari la ng'ombe lililobeba makuti likatoka kwenye njia ya pembeni. Mimi nililiona tangu mbali. Bi Asya aliliona. Mjomba hakuliona kabisa, kwa kuwa wakati ule alikuwa akiona mbele tu, mfano wa mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Nilipiga kelele. Akakanyaga breki, mwenye ng'ombe akaruka, makuti yakamwagika juu ya boneti. Hakuumia mtu wala ng'ombe. Mjomba alishuka, akaomba radhi, akasaidia kupakia makuti yote kwa mikono yake. Kisha akazunguka upande wangu, akafungua mlango, akasema, "Sogea huko kwenye usukani."

"Sijui kuendesha, mjomba."

"Utajua. Kutoka hapa mpaka mjini kuna muda."

Nikawa dereva. Siku hizo mwanamke kwenye usukani wa landrova ilikuwa habari. Vijana wa Malindi walikuwa wakinipigia makofi nikifaulu kurudi nyuma. Nilijiona mtu, nasema kweli. Nilifurahia sana zawadi ile nikasahau kuuliza kwa nini nimepewa. Mjomba alikaa kushoto kwangu na kunipa kazi ya pili: "Nieleze." Nikimwambia kuna miti, anauliza miti gani. Nikisema kuna mtu, anauliza kavaa nini, anakwenda au anarudi. Mwanzo alikuwa ananisahihisha, "Ule si mkungu, ule mfenesi, hebu tazama vizuri." Miezi ikapita, akawa hanisahihishi, anasikiliza tu. Hata hilo nililichukua kuwa nimeshakuwa hodari.

Na matone hayakurukwa hata siku moja katika miezi ile yote, hilo namshuhudia Bi Asya mbele ya Mungu. Kichupa alikifunga ndani ya kitambaa kibichi kisipigwe na jua. Saa saba mchana, popote tulipo, anasema, "Simamisha gari," mjomba analaza kichwa mapajani kwake, naye anamfungua jicho kwa kidole gumba, anadondosha. Mjomba anakunja uso na kumeza. "Chungu," anasema kila mara. "Unatia jichoni, inakuja kooni." Nilisikia maneno hayo labda mara mia, na sikujua kwamba ndiyo yatakayomponza.

Jumamosi ya mwisho ya Shaabani tulikwenda Mangapwani kuvunja jungu, kama watu wote wa mjini wanaotoka kwenda kula na kufurahi kabla ya Ramadhani. Tulikwenda mbali na makundi, kwenye mawe juu ya bahari, na kwa mara ya kwanza hakuna mtu aliyekuja kututoa garini. Bi Asya alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, mkate wa kumimina alikuja nao. Baada ya chakula wao wawili wakaingia garini kupumzika, mimi nikabaki nje naosha vyombo. Pazia la maua mekundu halizuii sauti.

"Tukianza kufunga, haya matone itakuwaje?" Bi Asya aliuliza.

"Ntatia usiku, nkishafuturu."

"Daktari kasema mara tatu."

"Daktari hafungi yule. Asya, dawa naisikia kooni. Nkiisikia kooni, saumu yangu iko wapi?"

"Muulize sheikh basi."

"Kijana yule? Nkamuulize masuala ya watoto wa chuoni, mtu mzima mie?"

"Mgonjwa ana ruhusa, Haidari."

"Mgonjwa ni anayeumwa. Mie siumwi pahala. Sioni vizuri tu."

Mimi nikaendelea kusugua sufuria ambayo ilishatakata. Asubuhi yake mjomba aliamka kabla yetu, akakaa juu ya mwamba akitazama mashariki, kule ndani ya kisiwa, jua likitoka nyuma ya minazi. Nilikwenda kukaa karibu naye. Hakunitaka nimweleze. Lile ndilo jua aliloliona mwenyewe, na namshukuru Mungu kwamba angalau lile halikuibiwa na ukarimu wa mtu.

Ramadhani hatukusafiri. Ninaikumbuka kwa harufu: uji, kaimati, ubani, na mafuta ya taa umeme ukikatika. Matone ya mchana na ya asubuhi yalikoma siku ya kwanza. Yakabaki ya usiku, na usiku mjomba anafuturu, anakwenda tarawehe, anarudi amechoka, analala. Siku nyengine Bi Asya anamwamsha, siku nyengine anamwonea huruma. Nilikitazama kichupa pale rafuni karibu na saa, na ile dawa haikushuka. Wiki ya pili nikajikaza nikamwambia Bi Asya jikoni, na yeye akanijibu bila kugeuka, "Mambo ya dini ya mtu mzima usiyatie mkono." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kujiambia mwenyewe maneno hayo hayo. Kila siku alasiri, akishaoga, aliketi kwenye kioo karibu na dirisha, anafungua kile kikopo cha shaba, analamba ncha ya kidole, anafuta kijiti, anapitisha wanja ndani ya macho yake, kulia kisha kushoto. Mdomo mkavu kwa saumu, macho yamekoza. Mimi nilikaa kitandani nachambua mchele na kumtazama, nikimwona mzuri. Mjomba pia alimtazama, akigeuza kichwa kizima ampate. Sote watatu tulikuwa chumba kimoja, na wanja, na kichupa cha dawa, na hakuna aliyeona.

Ikaja Iddi, na mjomba akaunganisha sita za Shawwali, siku sita nyengine za kufunga. Jumamosi iliyofuata tukatoka tena, tukaelekea Mkokotoni. Niliegesha gari pwani kabisa, mbele yetu maji, na Tumbatu iko pale ng'ambo, karibu mno, unaona hata mapaa ya nyumba. Nikazima injini. Mjomba akasubiri, kisha akauliza kwa upole, "Bado hatujafika?"

Bi Asya, nyuma yangu, akatoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. Nilishika usukani kwa mikono miwili kama bado tunakwenda. Nilitaka kusema kitu, chochote, na kitu pekee kilichokuja ulimini ndicho alichonifundisha. Nikaanza kumweleza bahari.

Daktari alipima, akapima tena. Akauliza kuhusu matone, na Bi Asya ndiye aliyejibu. Daktari akavua miwani. Alisema angeambiwa mapema angetafuta njia, angebadilisha dawa, angepanga saa za usiku, watu kadhaa aliwapangia hivyo. Alisema pia kwamba huenda macho yangekwenda tu, mwakani au baada ya miaka kumi, hakuna ajuaye. Watu husema maneno kama hayo ni ya kuliwaza. Mimi yalinitia wazimu, kwa sababu hata kosa letu hatukuruhusiwa kulijua ukubwa wake.

Wiki ile ile mimi na Bi Asya tukaenda nyumbani kwa yule sheikh kijana, tukakaa ukumbini, mkewe akatuletea chai. Bi Asya akauliza lile ambalo lilipasa kuulizwa kabla ya Ramadhani. Sheikh akajibu haraka, akidhani anatupa habari njema: matone ya jicho hayafunguzi saumu, kwa madhehebu yetu hayafunguzi hata ukiyasikia kooni. Kisha, masikini, akaongeza mfano ili tufahamu. "Kama wanja, Bi Asya. Si mnatia wanja na mmefunga?"

Mimi niliusoma mlango ule wa saumu katika chuo cha Kurani nikiwa na miaka kumi. Niliusoma kwa moyo, nikausoma mbele ya mwalimu na kupata sifa. Wanja hauharibu saumu. Nilikuwa nao kichwani mwezi mzima, naye Bi Asya alikuwa nao machoni. Tulipotoka nje hatukutazamana. Kwenye ngazi za nyumbani, kabla ya ghorofa ya pili, alinishika mkono akasema, "Asijue. Nakuomba, mwanangu. Macho yake yamekwenda katika ibada, ndivyo anavyoamini. Asijue kama yamekwenda bure." Nikaapa. Kuanzia jioni ile sikumwona tena na wanja, si Iddi, si harusini, mpaka siku nilipomwosha maiti.

Gari ilinunuliwa na mtu wa Chwaka pamoja na mapazia yake. Mimi nilipata kazi, nikaolewa, nikazeeka. Mjomba aliendelea kushona kwa kupapasa, mshono ulionyooka vile vile, mpaka vidole vilipochoka.

Nilitoka na kile kikopo mkononi siku ile ya hitma. Wageni walishaondoka, ilikuwa alasiri, mjomba amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kijiti kiligonga shaba, kidogo tu.

"Zuwena."

"Abee, mjomba."

"Wanja wa Asya huo. Nipe." Akakipima mkononi. "Chepesi."

"Umemalizika," nikasema. "Alikuwa akitia kila siku, mpaka..."

"Mwenzio hana hata siku nne kaburini. Usinidanganye." Hakukasirika. Alikuwa akikizungusha kikopo kwa vidole. "Zamani nkimgusa uso akinigombeza, ati nnamharibia wanja. Tangu mwaka ule hakunigombeza hata siku moja. Na redio. Kila Ramadhani, kipindi cha masuala ya dini kikianza, betri zinakwisha. Betri za nyumba hii za ajabu, zinakufa alasiri, zinafufuka adhana ya magharibi. Mwaka wa tatu nkaenda kusikiliza kwa jirani, nkalisikia jibu la matone."

Nikakaa chini sakafuni. "Mbona hukusema?"

"Nseme nini? Mtu ananilisha, ananikata kucha, ananishika mkono mpaka msikitini. Angejua kama nnajua, angenitazama vipi? Mie simuoni. Yeye akiniona." Akakifumbata kikopo. "Umemwosha wewe?"

"Mimi na wenzangu."

"Macho yake yalikuwaje?"

Miaka yote nilikuwa hodari wa kueleza. "Matupu, mjomba," nikasema. "Hayakuwa na kitu."

Akatikisa kichwa, pole pole, mara kadhaa. Kisha akasema, "Nenda kafungue redio."

Nikaifungua. Mtu mmoja wa shamba alikuwa akiuliza kama dawa ya meno inafunguza, na sheikh akamjibu kwa utaratibu, bila kumcheka. Mjomba aliinamisha kichwa akasikiliza, kikopo kiko kwenye kiganja chake. Baada yake akaja mwengine na suala lake, na mwengine, na hakuna aliyekuja kuizima.